Gari kwa keshi au kwa mkopo wa yadi?

SWALI: Nina akiba ya shilingi 1,600,000. Gari ninalolitaka, mtumba, linauzwa 1,500,000 katika yadi hapa Nakuru. Mwenye yadi anasema nitoe 500,000, zilizobaki nizilipe kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mke wangu anasema tulipe zote tumalizane. Nimsikilize nani?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa riba, msikilize mkeo. Muulize mwenye yadi hiyo asilimia 14 inahesabiwa juu ya nini. Ikiwa ni riba ya flati, kila mwaka utatozwa kwa milioni nzima uliyokopa, hata ukiwa umeshalipa nusu. Hiyo ni 140,000 mara tatu, yaani 420,000, na kila mwezi unatoa takriban 39,450. Asilimia 14 hiyo hiyo ikitozwa kwa deni linalobaki, ungelipa kama 34,180 kwa mwezi na riba yote ingekuwa 230,000 hivi. Tarakimu ni ile ile, tofauti ni karibu 190,000. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji hawana haraka na keshi yako.

Tena gari la mkopo lazima liwe na bima kamili, ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia 4 ya thamani, na jina la mkopeshaji huingia kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, pamoja na lako. Huwezi kuliuza kabla hajajiondoa.

Lakini kulipa zote kutakuacha na 100,000, na hapo hatukubaliani na mkeo. Bima kamili peke yake itakula kama 60,000. Gari mtumba pia huhitaji mafuta ya injini na chujio mara moja, pengine mafuta ya giaboksi, brekipedi na tairi. (Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi hiyo imezeeka hata kama kashata zake bado ni nene.) Tungekushauri utafute gari la 1,200,000. Kama moyo umeng'ang'ania hilo hilo, toa 1,200,000 zako na ukope 300,000 kwenye Sacco (chama cha akiba na mikopo) yako. Kwa asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, utalipa kama 26,650 kwa miezi 12, na riba yote haitafika 20,000. Dhamana huwa ni akiba yako na wadhamini, kwa hiyo mara nyingi logibuku hubaki kwa jina lako peke yako.

SWALI: Nikilipa keshi, nijihadhari na nini?

JIBU: Benki inapokopesha, hukagua gari kwa faida yake yenyewe. Wewe mwenye keshi huna wa kukukagulia, na hapo ndipo watu huumia. Pata rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha linganisha jina la mmiliki, nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye gari lenyewe. Halafu tafuta nambari ya chesisi katika rejista ya dhamana iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2017, maana gari linaweza kuwa limewekewa mkopo wa logibuku na muuzaji akanyamaza. Lipeleke kwa fundi wako, si wa yadi.

Noti za kubeba kwenye mfuko, hapana. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na hundi ya zaidi ya milioni moja haipokelewi, kwa hiyo tumia RTGS (kutuma pesa moja kwa moja kutoka benki hadi benki) kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Toa arbuni ndogo kwanza, upewe risiti. Salio lipelekwe siku muuzaji anapoanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe ukiwa hapo hapo kuuthibitisha kwenye yako na kulipa ada, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Akikuambia "logibuku itakuja wiki ijayo", pesa nazo zisubiri wiki ijayo.