Mdudu wa kijani mwenye mikia mirefu: ni kipepeo au ni nondo?

Swali: Mtaalamu shikamoo, niko Kilifi. Jana usiku nimekuta mdudu mkubwa wa kijani ametulia ukutani karibu na taa, ana mikia miwili mirefu. Jirani anasema ndiye yule kipepeo adimu wa misitu ya Kongo. Ni kweli? Na mbona maji ya sukari niliyomwekea hayagusi?

Jibu: Marahaba dada. Huyo ni nondo, tena una bahati kumwona, anaitwa Argema mimosae. Jirani anamfikiria Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote Afrika, mabawa yake yakitandazwa yanafika sentimita 20 na kitu, lakini yule ni rangi ya machungwa na nyeusi, hana mikia, anaruka mchana na anaishi misitu ya mvua ya Afrika Magharibi, Kongo mpaka Uganda, huku pwani hafiki.

Ukitaka uhakika we achana na rangi na ukubwa, angalia antena. Za kipepeo ni nyembamba na nchani zina kinundu kama kijiti cha kiberiti. Za huyo wako hazina kinundu, zimetoa vitawi vidogo vidogo pande zote mbili, na za dume ndio pana zaidi maana anazitumia kunusa harufu ya jike gizani, hata akiwa mbali.

Sukari hataki kwa sababu mdomo wa kulia hana kabisa! Chakula chote alishakula akiwa kiwavi, majani ya mng'ongo na miti mingine, sasa anatumia akiba hiyo kama wiki moja tu, atafute mwenzake, watage, basi. Antimachus yeye anakunywa, madume hushuka kwenye udongo wenye majimaji kufyonza chumvichumvi, majike hubaki juu kwenye miti ndio maana kuwaona ni shida.

Na ile mikia si pambo. Antimachus ana sumu mwilini, ndege wanamkwepa, nondo huyu hana, adui wake ni popo. Mwaka 2015 watafiti Marekani walionyesha, kwa nondo wa jamii yake, kwamba mikia ikizunguka hewani popo anaishambulia hiyo badala ya mwili, nondo anakatika mkia anaenda zake.

Kwa hiyo dada leo zima hiyo taa ya nje mapema, maana akikaa hapo usiku kucha wiki yake inaishia ukutani. Asubuhi akiwa bado yupo mpandishe kwenye kijiti, usimshike mabawa, umweke mtini penye kivuli.