Gitaa la Pili Hulijifunzi Peke Yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbeya aliniandikia ujumbe mrefu, na kwa ruhusa yake ninaujibu hapa, kwa sababu si yeye wa kwanza kuniuliza jambo hilo. Anasema amejifunza gitaa kwa kutazama video kwenye simu, kodi zote za kawaida, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, anazijua, na solo za nyimbo kadhaa za zamani anazipiga bila kukosea. Hata hivyo, alipoalikwa kupiga na kikundi cha kanisani kwao, alishindwa kumaliza wimbo hata mmoja. Mpiga besi alimwambia kwamba vidole vyake havina tatizo, ila anapiga kama mtu aliye peke yake chumbani. Sasa anauliza kama ana kasoro ya kuzaliwa, au kama sisi wa enzi za bendi tulikuwa na siri ambayo hatujaitoa.

Kasoro hana, na siri hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni bendi, na katika bendi kulikuwa na nafasi zilizohitaji watu.

Mimi nilianza kushika gitaa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980. NUTA Jazz ilikuwa imeshakuwa JUWATA, Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilikuwa imelishika jiji kwa mtindo wake wa Sikinde, Maquis walikuwa wametoka Zaire na kuweka makazi, na Vijana Jazz walikuwa na washabiki wao wasioambiwa kitu. Bendi yangu haikuwa miongoni mwa hizo, wala sitaitaja, kwa sababu nitakayoyasema huko mbele hayampendezi kila mtu. Lakini mpangilio wake ulikuwa ule ule: gitaa la solo, gitaa la pili, ridhimu inayozungusha kodi zile zile, na besi. Kijana aliyeingia hakuulizwa anapenda kupiga nini. Alianza kwa kubeba vyombo, akahamia kwenye kufunga waya na kuweka magitaa kwenye sauti kabla wakubwa hawajafika, na siku moja mpiga ridhimu akichelewa anaambiwa apande jukwaani afungue dansi, wakati ukumbini wamo wahudumu na walevi wa mapema tu. Hapo ndipo shule ilipokuwa.

Nyuzi zenyewe zilikuwa adimu. Baada ya vita vya Kagera, hata sabuni ilikuwa bidhaa ya kupanga foleni, kwa hiyo nyuzi za gitaa zisingeweza kuwa kipaumbele cha mtu yeyote. Uzi wa kwanza ulipokatika tulichambua waya wa breki ya baiskeli, tukachomoa unywele mmoja na kuufunga kwenye gitaa. Ulikuwa unashika kutu upesi, unachana ncha za vidole, na hata ukikazwa vipi ulikuwa unashuka sauti katikati ya wimbo, hivyo mpigaji alijifunza kuurekebisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea na kazi. Nyuzi za besi zilizokufa tulizichemsha kwenye sufuria ili zitoe jasho na mafuta, zikarudi kulia kwa muda mfupi kabla hazijafa tena. Leo kijana anabofya programu ya simu na taa ya kijani inamwambia kwamba uzi wa tano umefika A. Sisemi hilo ni baya. Nasema tu kwamba sikio langu lilifundishwa na ule waya wa breki, na hadi leo nikiingia kanisani au harusini najua gitaa limeshuka kabla anayelipiga hajajua.

Nyimbo tulizichukua kwenye redio na kaseti. Ukikosa kipande kwenye Redio Tanzania ulisubiri mpaka wimbo urudiwe, na hakukuwa na wa kumwomba aurudie. Kaseti ilikuwa na ujanja wake, kwa kuwa tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, na betri zikichoka mkanda ulizunguka polepole na wimbo mzima ukashuka. Kulikuwa na vijana waliokuja mazoezini na wimbo wameushika vizuri kabisa, tatizo ni kwamba walikuwa nusu sauti chini ya wenzao. Siku hizi unaweza kupunguza kasi ya video hadi robo bila sauti kushuka hata kidogo. Laiti ningekuwa na chombo hicho nikiwa na miaka ishirini, ningelala usingizi zaidi.

Kuna jingine ambalo wenzangu wa rika langu hawapendi kulikiri. Zamani msichana aliyetaka kupiga gitaa alikuwa hana pa kwenda. Shule yetu ilikuwa baa na ukumbi wa dansi, usiku, katikati ya wanaume na bia, na mzazi gani angemruhusu? Vipaji vilivyopotea kwa njia hiyo hakuna aliyevihesabu. Binti wa leo anajifunza chumbani kwao kwa simu, na akitaka shule yenye walimu ipo TaSUBa Bagamoyo, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA pale Mji Mkongwe. Kwa hilo pekee, enzi hizi zimezishinda zetu.

Lakini turudi kwa kijana wa Mbeya, maana ugonjwa wake ninaufahamu vizuri na una mfano unaonihusu mimi mwenyewe. Kuna wimbo mmoja wa bendi yetu ambao bado unapigwa redioni na kwenye harusi. Unapofika mahali pa kuchemka, gitaa la solo linakaa juu kabisa ya shingo likirudia kifungu kifupi cha sauti nne, kisha linanyamaza kidogo, na katika ule ukimya gitaa la pili linajibu kwa sauti tatu za katikati, zikianzia pale solo ilipoachia. Msikilizaji anasikia mstari mmoja unaotiririka bila kupumua, kumbe ni watu wawili wanaopokezana, huku ridhimu ikizunguka chini yao na besi ikiruka mapigo kwa makusudi. Lile gitaa la pili lilikuwa langu. Kifungu kile nilikitunga mimi, mazoezini, baada ya kuambiwa na mkubwa wangu, mpiga solo, kwamba nilichokuwa nikipiga kabla ya hapo kilikuwa kinamkanyaga, yaani kinaingia kwenye nafasi yake.

Mwaka jana mwanafunzi wangu alinionyesha video ambamo kijana mmoja anafundisha kile anachokiita solo ya wimbo huo. Anapiga vizuri, mikono yake ni myepesi kuliko yangu ilivyowahi kuwa. Ila ameunganisha magitaa yote mawili na kuyapiga kama gitaa moja, ule mstari mzima bila pumzi, halafu anausifu kuwa ni kazi ya mpiga solo wetu. Maelfu ya watu wameutazama. Kipande anachokifundisha hakuna binadamu aliyewahi kukipiga jukwaani, na mtu akikijifunza hivyo hawezi kupiga na mwenzake, kwa sababu amekwisha kuijaza nafasi ya mwenzake. Sikumwandikia. Hata wenye bendi, walipofanya sherehe ya kuwakumbuka wanamuziki wao, waliwataja waimbaji, mpiga solo na mwenye vyombo, wakamaliza. Imekuwa miaka mingi na bado jambo hilo likinijia usiku sipati usingizi haraka.

Sasa, kijana wa Mbeya, unaliona tatizo lako liko wapi? Simu imekufundisha wimbo mzima, ilhali kwenye kikundi unatakiwa uwe sehemu moja tu kati ya nne za wimbo. Katika video mwalimu hakungoji, hakukanyagi, wala hakasiriki ukimkanyaga. Mimi mkubwa wangu alikuwa akinigeuzia mgongo ili nisivione vidole vyake, na nikizidisha sauti alikuwa anasogea kwenye amplifaya yangu na kuishusha mbele ya watu. Ukatili huo siutetei, na wapo waliouacha muziki kwa sababu ya mambo kama hayo. Lakini ulinifundisha kwamba katika muziki wa dansi kunyamaza ni sehemu ya kupiga. Sikiliza rekodi za Morogoro Jazz za wakati wa Mbaraka Mwinshehe, kabla hajaondoka na kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Yule alikuwa mpiga solo ambaye nchi nzima ilimjua, aliyepelekwa hadi Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, lakini sikiliza ni mara ngapi anaacha wengine wapite.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na wala si mgeni. Chukua kifungu kimoja kifupi cha ridhimu, kodi za C, F na G zinatosha, ukipige hicho hicho kwa nusu saa bila kuongeza pambo lolote. Wengi hawafikishi dakika tano kabla kidole hakijawasha kutaka kufanya maajabu. Ukiweza nusu saa, tafuta wenzako wawili, hata kama mmoja anapiga meza kwa viganja, mkipige pamoja. Mkishakizoea, mmoja wenu aongeze kifungu kingine kinachoingia mahali ambapo cha kwanza kimenyamaza. Rekodini kwa simu hiyo hiyo, mtege sikio mahali mnapogongana, kisha mmoja apunguze. Nasema apunguze, siyo aongeze. Kisha tafuta wenzako wawili wengine na ufanye hivyo tena, maana kila mtu ana namna yake ya kuchelewa na kuwahi, na utakayezoeana naye mmoja tu atakulemaza.

Utaniambia wenzako huwapati. Hilo ndilo gumu la enzi hizi, na ninalikubali. Sisi tulipiga miaka na miaka bila kumiliki gitaa, kwa sababu vyombo vilikuwa mali ya tajiri au ya shirika, na ukigombana na uongozi uliondoka mikono mitupu ukabaki kupiga hewa nyumbani. Ninyi gitaa mnalo chini ya kitanda, ila bendi hakuna. Tangu miaka ya 1990, studio zilipoanza kutengeneza mapigo kwa kompyuta na kinanda, mtu mmoja akaweza kufanya kazi ya watu wanane, na kumbi zikaona hakuna sababu ya kuwalipa hao wanane. Makanisa ndiyo yaliyobaki kuwa mwajiri mkubwa wa wapiga gitaa, mara nyingi kwa malipo ya chai na baraka. Basi nenda huko huko. Usiende kuonyesha solo. Nenda ukaombe kupiga ridhimu nyuma ya mtu anayekuzidi, ukae mwaka mzima kama itabidi, na usinung'unike.

Kama kweli uko mahali ambapo hakuna mwenzako hata mmoja, ipo njia ya heshima ya kupiga peke yako, ila isikudanganye kuwa ni ya mkato. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Congo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba Kiswahili, alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba lilikuwa besi, shahada ikawa sauti ya juu, na katikati yao mtu anasikia kama kuna mtu wa tatu. Wanaodhani vidole viwili ni vichache wajaribu. Hata huko utagundua jambo lile lile: gumba linapofanya kazi, shahada inalisubiri. Vijana wanaoniletea video zao wanakimbiza vidole vyote kwa pamoja na wanataka nishangae. Sishangai. Nimesikia mbio nyingi katika maisha yangu, na karibu zote nimezisahau.

Swali lake la mwisho lilikuwa kama anunue gitaa la umeme au la kawaida. Kama kanisani kwao pana amplifaya ya gitaa, anunue la umeme, hata liwe la bei ya chini kutoka Kariakoo, mradi shingo yake imenyooka na nyuzi hazijainuka mbali na ubao. Alishike dukani, alikague kwa jicho moja kutoka kwenye kichwa hadi kwenye daraja, asimsikilize muuzaji anayesema kwamba litanyooka lenyewe. Fedha itakayobaki asiipeleke kwenye vile visanduku vya kubadilisha mlio. Anunue paketi mbili za nyuzi na kebo ya pili, kwa sababu kebo ndiyo hufa kwanza, na kwa uzoefu wangu hufa Jumapili.