Je, msanii aliyeimba chini ya wavamizi ni msaliti?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nimetazama filamu ya makala kuhusu waimbaji wa Paris zama za Wajerumani, 1940 hadi 1944. Ustadh mmoja hapa kwetu anasema wote walioimba ni wasaliti, hawana udhuru. Mimi napiga kinanda harusini, mashariki ya Kongo. Mji wetu umeshikwa na watu wa bunduki, na mara mbili wameniita kwenye sherehe zao. Nilikwenda. Usingizi sipati.

JIBU: Wa alaykumus-salaam, mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni tangu juzi. Hukumu ya muziki wenyewe tuiweke kando, hukuiulizia.

Ustadh huyo amekata hukumu akiwa amekaa kwenye jamvi, hana mtutu mgongoni. Ameisahau an-Nahl, aya ya 106? Sahaba Ammar bin Yasir aliteswa mpaka akatamka waliyoyataka watesi wake, na Mwenyezi Mungu akamtoa lawamani kwa kuwa moyo wake ulitulia juu ya imani. Neno la kufuru lipate udhuru, wimbo wa mapenzi ukose?

Tena amchukue mwimbaji wa Kifaransa Maurice Chevalier. Alikwenda Ujerumani kuwaimbia mateka wa Kifaransa kambi ya Altengrabow, ileile aliyofungwa mwenyewe Vita vya Kwanza vya Dunia, na inasemekana mateka 10 wakaachiwa. Wavamizi nao wakaipigia debe safari hiyo. Atampima kwa mzani gani?

Na Si Kaddour Benghabrit, mkuu wa Msikiti wa Paris? Maofisa wa Kijerumani aliwapokea msikitini. Lakini husimuliwa kuwa ndiye aliyempa Salim Halali, mwimbaji Myahudi wa Algeria, cheti cha Uislamu, na jina la mzee wa Salim likachongwa kwenye kaburi la Waislamu huko Bobigny, ili wapekuzi waliowasaka Mayahudi wakija walisome jiweni. Msaliti huyo?

Mpaka upo, mwanangu. Mafakihi hawakumruhusu aliyelazimishwa amuue mwenziwe. Kwa hiyo wakikuuliza ni nani katika bendi anasema nini, hapo kinanda kimekwisha, na ulimi ufungwe.

Wakikuita tena, usijipeleke kwa tamaa ya bahasha. Ukiweza kusema chombo kibovu, sema. Chomoa waya mmoja kwanza, uwe umesema kweli. Ukishindwa, nenda, piga, urudi kwa watoto wako.

Usibishane na ustadh kwenye simu. Jina lako nimeshaliondoa hapa. Nawe ujumbe ulionitumia, ufute.