Nyuki mmoja anafukuza wenzake wote kwenye maua

Dada uliyeuliza, huyo nyuki anayegonga wenzake kwenye bustani yako hapo Ohio ni dume la Anthidium manicatum, aina ya nyuki ambaye asili yake Ulaya, huko Marekani alionekana kwanza New York 1963. Usimwogope, dume hang'ati mtu wala hana sindano ya sumu, ila ana miiba migumu mwisho wa tumbo na ndiyo anawaumizia nyuki wa asali, wengine wanakufa kabisa, inauma kuona. Analinda hayo maua sababu majike wanakuja kunywa hapo naye anawapanda, halafu majike wanakwangua manyoya ya majani, hasa ya mmea wa Stachys byzantina, watengenezee kiota. Dawa usipulize jamani, utaua wote! Panda maua mengine mbalimbali, hawezi kulinda bustani nzima.