Umekwama kwenye mbwamwitu? Usikimbilie YouTube

Juzi msomaji mmoja wa Kondoa kaniandikia: "Kaka, hawa mbwamwitu na vifaranga wamenishinda kabisa. Nitumie jibu tu nisonge mbele." Jibu sikumtumia. Nilimwambia asubiri nitaandika, na najua hayuko peke yake.

Kwa ambao hamjafika huko: ni fumbo la kuvusha wanyama mtoni, lipo kwenye lile gemu la mafumbo la Professor Layton and the Curious Village. Gemu lilitoka Japani mwaka 2007 kwenye Nintendo DS, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea magemu, na tangu 2018 unaweza kulicheza kwenye simu. Mafumbo yake, zaidi ya 100, yalisimamiwa na Akira Tago, profesa wa saikolojia aliyefariki mwaka 2016. Wewe unayesoma hapa bila shaka unataka kulimaliza bila kuibia majibu, maana huo ndio utamu wake.

Mimi nimelimaliza. Nina steshenari jirani na chuo hapa Dodoma, na wanafunzi wakifunga chuo duka linapoa mpaka unasikia feni. Hapo ndipo nilipocheza. Sasa kuna jamaa yangu mmoja, mtumishi, tai shingoni kila siku, akipita kutoa kopi lazima aniseme: "Mtu mzima na ndevu zako unahamisha vifaranga!" Anasema mbele ya wateja, wateja wanacheka. Nimemsamehe, lakini mpaka leo nikikumbuka kinaniuma.

Siku moja nikamsogezea simu. Haya mheshimiwa, jaribu hili. Mishumaa 10 inawaka. Upepo unaingia dirishani, unazima miwili. Baadaye unazima mwingine mmoja. Unafunga dirisha, hakuna mwingine unaozimika. Mwisho wa yote itabaki mingapi? "Saba!" Hata sijamaliza kumsomea. Jamani, mtu anakaa Dodoma, na upepo huu, hajui kwamba mshumaa unaoachwa uwake huisha? Inabaki mitatu, ile iliyozimwa. Alichukua kopi zake akaondoka, chenji kaiacha kaunta. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Kwa hiyo soma swali lote. Ukishalisoma, lisome tena. Swali limeuliza "mwisho wa yote", yeye kajibu la dakika ileile dirisha lilipofungwa.

Turudi mtoni. Vifaranga watatu, mbwamwitu watatu, chelezo kinabeba wawili tu na hakiendi chenyewe. Upande wowote mbwamwitu wakizidi vifaranga, vifaranga wanaliwa. Njia fupi kabisa ni safari 11. Mimi nilikusanya vizibo vya soda: vya Fanta vikawa mbwamwitu, vya Coca-Cola vifaranga, rula ikawa mto, nikapanga juu ya mashine ya kopi. Ukicheza kwa kidole kwenye skrini unarudia makosa yaleyale bila kujua. Ukiwa na vizibo na karatasi, kila safari umeiandika, utaiona ile hatua unayoikwepa.

Nayo ni hii. Unafika mahali mbwamwitu wawili na vifaranga wawili wameshavuka, umebakiza mmoja mmoja, unajiona umemaliza. Hapo inabidi uwarudishe wawili, mbwamwitu mmoja na kifaranga mmoja. Moyo unakataa. Umehangaika kuwavusha, leo uwarudishe? Warudishe. Si tulitegewa kitendawili cha chui, mbuzi na majani tukiwa wadogo? Mbuzi si alivushwa, akarudishwa, akavushwa tena? Wazee walishatufundisha hili, sisi tukadhani ni hadithi ya kutulaza.

Tatizo letu ni kutaka jibu kabla ya swali. Nawaona hapa dukani kila muhula: mtu anakuja na kazi ya mwenzake kwenye flashi, anabadilisha jina la juu, "Bro nichapie haraka, nachelewa." Ukimuuliza kilichoandikwa ukurasa wa pili, hajui. Halafu kesho yupo kwenye usaili, wanampa fumbo la dakika mbili, anatoka analalamika kwamba nafasi zina wenyewe. Labda zina wenyewe kweli. Lakini wewe ulifanya nini na zile dakika mbili? Kichwa hakiazimwi, ndugu zangu.

Hata zile sarafu za vidokezo zitunze. Gemu linakupa vidokezo vitatu kila fumbo, na kila kimoja kinakula sarafu. Wengine wanazimaliza mapema, wakifika kwenye mafumbo magumu mfuko mtupu. Na usibahatishe, maana ukikosea pointi zinapungua. Karatasi kwanza, sarafu baadaye.

Mbele kidogo utakutana na majagi matatu, yenye ujazo wa 8, 5 na 3. La 8 limejaa, unatakiwa ugawanye nne kwa nne bila kumwaga tone. Kumimina mara saba kunatosha. Anza kwa kujaza la 5. Zaidi ya hapo sisemi.