Wasomaji Wanauliza: AC ya gari inayoishiwa gesi kila mara

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Nina Toyota ndogo iliyotoka Japani. Kila baada ya wiki sita hivi AC inaacha kupoza. Fundi anavuta vakyumu (ananyonya hewa yote ndani ya mfumo kwa pampu) nusu saa, mshale wa geji hautikisiki, anasema hakuna panapovuja, anajaza gesi. Joto linarudi palepale. Hiyo gesi inaishia wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inavuja. Gesi ya AC haichomwi ikaisha kama petroli. Ni ileile inayozunguka, na mfumo usiovuja hukaa miaka bila kuongezwa kitu. Kinachokupotezea hela ni kipimo anachokitegemea fundi wako.

Vakyumu, hata ikiwa kamili, ni shinikizo la psi 15 tu (psi ni kipimo cha presha), tena la kutoka nje kwenda ndani. AC ikifanya kazi mchana wa jua, upande wa presha kubwa unabeba psi 200 hadi 250 zinazosukuma kutoka ndani kwenda nje. Oringi (kipete cha mpira kinachoziba kiungo) iliyokakamaa inaweza kunyonywa na vakyumu ikakaa sawasawa, halafu ikaachia presha inapopanda. Kwa hiyo mshale kutulia hakuthibitishi kwamba mfumo hauvuji.

Dai kipimo cha naitrojeni. Kwanza gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine iingie kwenye mtungi, isiachiwe hewani. R134a, yaani gesi hiyo ya AC, kwa uzito uleule inapasha dunia joto takriban mara 1,430 kuliko hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo. Kisha naitrojeni ijazwe hadi psi 150 kupitia regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), maana mtungi wenyewe una presha ya kupasua kila kitu. Oksijeni ni marufuku kabisa: ikikutana na oili ya kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) inaweza kulipuka. Upepo wa kujazia matairi nao usitumike, unaingiza unyevu.

Mfumo ukiwa na presha, tumieni macho kabla ya sabuni. Gesi husafiri pamoja na oili, na mahali gesi inapotokea nje, oili hubaki na kunasa vumbi. Doa jeusi lenye mafuta kwenye kiungo cha bomba au mbele ya kompresa nyuma ya klachi yake ni la kushukiwa kwanza. Hapo ndipo mpake sabuni ya maji nzito kwa brashi, mkisubiri dakika kadhaa kila sehemu, kwa sababu tundu dogo hutoa povu jeupe laini linalokua polepole. Msisahau vali za kujazia: fungua kifuniko, dondosha tone moja la sabuni mdomoni, tazama kama linavimba. Kiini cha vali ni kitu cha bei ndogo, na wengi hukiruka. Kwa gari la pwani kagueni pia kondensa, yaani kitandazo cha vijibomba kinachotoa joto la gesi nje, kilicho mbele ya rejeta. Chumvi na mawe ya barabarani huitoboa, hasa pembeni na chini.

Nje pote pakiwa pakavu na presha bado inashuka, imebaki evaporeta (sehemu inayopoza hewa ya ndani ya gari) ndani ya dashibodi, ambako sabuni haifiki. Kabla ya kubomoa dashibodi, fundi atenganishe mabomba kwenye vali ya upanuzi (kitundu chembamba kinachopitisha gesi kuingia evaporeta) na kuipima evaporeta peke yake kwa naitrojeni. Kubomoa kwa kubahatisha ni kuumiza gari bure.

Ukarabati wenyewe: oringi ziwe za R134a, mara nyingi za kijani, zipakwe oili ya kompresa, na nati zikazwe kwa spana mbili ili bomba la alumini lisijipinde. Kondensa iliyotoboka ibadilishwe. Kuchomelea vijibomba vyake vyembamba hakudumu. Draya (kichujio kinachonyonya unyevu) nayo ibadilishwe, na oili irudishwe, kwa kawaida mililita 30 hadi 40 kwa kondensa mpya. Mwisho gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko cha chini ya boneti. Magari madogo mengi huchukua gramu 400 hadi 550. Kujaza kwa kutazama geji injini ikiwa imezimwa ni kujidanganya: kwenye nyuzi 30 itasoma karibu psi 97 mfumo ukiwa umejaa, na itasoma hivyohivyo gesi ikiwa nusu.

SWALI: Najifunza ufundi wa AC. Pampu yangu haivuki inchi 24 za vakyumu (inchi za zebaki kwenye geji). Imekufa? – Nairobi

JIBU: Haijafa. Kila mita 300 juu ya usawa wa bahari hupunguza takriban inchi moja ya vakyumu inayoweza kufikiwa, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Inchi 24 hapo ni sawa na 29 au 30 za Mombasa. Vuta dakika 45, funga koki, subiri 15. Mshale ukipanda kidogo kisha ukasimama, ni unyevu, endelea kuvuta. Ukizidi kupanda mpaka sifuri, panavuja.

SWALI: Kuna kopo la dawa ya kuziba matundu ya AC. Nitie? – Mwanza

JIBU: Usitie. Dawa za namna hiyo nyingi huganda zikikutana na unyevu, na mfumo uliovuja unao tayari. Vali ya upanuzi inaweza kuziba. Kama imeshatiwa, mwambie fundi kabla hajaunganisha mashine yake ya kuvutia gesi, kwani inaweza kuiharibu.