Mama anaona watoto chumbani kila jioni, nimpeleke kwa daktari wa akili au wa ubongo?

SWALI: Shikamoo bibi. Naandika kutoka Ngamiani hapa Tanga, naomba usinifiche kitu. Mama yangu ana miaka 71, kapika vitumbua tangu mi sijazaliwa, sasa huu mwaka wa pili anamimina uji nje ya chuma, yani chuma anakiona ila mkono unaenda pembeni, na kutembea siku hizi anaburuta miguu. Ikifika magharibi anasema kuna watoto wadogo wamekaa kwenye kochi kimya, ananiambia niwape chai. Asubuhi yuko fresh kabisa anauliza bei ya mchele, kesho yake kapotea kutwa nzima. Usiku anapiga mateke na kelele usingizini, hilo marehemu baba alishalalamika miaka mingi nyuma tukawa tunacheka tu. Majirani wanasema jini. Tulimpeleka sehemu wakasema ni kichaa cha uzee wakampa haloperidol, siku ya tatu kakakamaa hata kijiko hashiki, wakaongeza Artane ndo akavurugika zaidi, nikaacha vyote mwenyewe. Ana sukari pia, anatumia metformin. Nimpeleke kwa nani?
– Binti wa mpika vitumbua

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikasimama kwenye lile neno la marehemu baba yako, maana wewe umeliandika kama jambo la kupita tu kumbe ndo kubwa kuliko yote.

Mi sijamuona mama kwa hiyo sitampa jina la ugonjwa, ila nakwambia cha kumuuliza daktari. Kuona watu au watoto ambao hawapo, akili inayokuja na kuondoka, mwili kuwa mzito na miguu kuburuta, na kupigana usingizini miaka mingi kabla ya yote hayo, hivyo vinne vikikutana kwa mtu mzima daktari anatakiwa afikirie ugonjwa wa Lewy. Jina limetoka kwa Friedrich Lewy, daktari wa Ujerumani, mwaka 1912 alieleza vidonge vidogo vya protini ndani ya seli za ubongo za wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Vidonge hivyohivyo vikienea kwenye ubongo vinavuruga kuona, usingizi, mwendo na fikra, ndo maana chuma cha vitumbua anakiona lakini hajui kiko umbali gani na mkono wake. Kumbukumbu mwanzoni inaweza kuwa nzuri tu, hapo ndo wengi wanapotea maana wanasubiri mtu asahau majina ya wanawe.

Sasa hiyo haloperidol. Ni dawa nzuri kwa magonjwa mengine ya akili, lakini wagonjwa wengi wa Lewy inawakamata vibaya, wanakakamaa, wengine inawaua kabisa. Na Artane inayotolewa kulegeza mwili inachafua akili za wazee. Kwa hiyo mama hakuzidiwa na jini, inawezekana kabisa kazidiwa na dawa. Andika majina ya dawa hizo mbili kwenye karatasi pamoja na kilichotokea, ukae nayo kwenye pochi, kila utakapompeleka uitoe kabla hajaandikiwa kitu. Hata piritoni za mafua usimpe kiholela. Ila metformin natumaini hukuiacha, hiyo endelea nayo.

Unauliza akili au ubongo. Mwanangu, hiyo mipaka ni ya milango ya hospitali, kichwani haipo. Sisi watu wa Tanga tukisikia akili tunawaza Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na minyororo, tukisikia ubongo tunawaza kiharusi, kumbe sonona peke yake inaweza kumfanya mzee asahau mpaka ukadhani ni ugonjwa wa kusahau, na kiharusi kidogo kikamfanya mtu mpole awe mgomvi. Anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, waombe wakuunganishe na kitengo cha afya ya akili, na mwambie daktari unataka pia rufaa ya kuonana na wa mishipa ya fahamu ikibidi mpaka Muhimbili.

Kabla ya hapo wapime vinavyotibika. Vitamini B12, maana metformin ya miaka mingi inaishusha, tezi la shingo, VVU na kaswende, na kama aliwahi kuanguka hata wiki kadhaa zilizopita useme, damu huwa inavuja taratibu kichwani na CT scan inaiona. Na siku akibadilika ghafla, ndani ya masaa au siku mbili, usisubiri appointment, hiyo inaweza kuwa malaria, mkojo mchafu, au sukari imeshuka, mkimbize siku hiyohiyo.

Wakikwambia uzee tu, usikubali. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipowapima wazee wa miaka 70 kwenda juu mwaka 2010 walikuta kama 6 katika kila 100 ndo wana ugonjwa wa kupoteza akili, maana yake zaidi ya 90 hawana. Na hukohuko walijaribu kipimo cha wazee ambao hawakusoma, mzee anapewa vijiti vya kiberiti apange umbo kama alivyoonyeshwa. Mama yako nahisi hapo ndo patamshinda.

Kuhusu wale watoto, usibishane na mama wala usimwambie anaota. Mwambie chai nitawapa mama, halafu washa taa mapema kabla magharibi haijaingia, na nguo zilizotundikwa pale karibu na kochi uzitoe. Dua msomee, ila kombe la dawa za kunywa hapana, na asifungwe na mtu yeyote. Na usiku wa leo akianza kupiga mateke mrekodi kwa simu, hata dakika moja inatosha kumuonyesha daktari.